Nyasi Zifutwe Kazi, Mchunga Uajiriwe

Klabu ya Gofu ya Nyika Tatu,
Chumba cha mashine (si ofisini),
Voi.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nyasi, ambaye pia ni Mjomba wangu Hudson,

Shikamoo Mjomba.

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Kama uko barazani huko Wusi, ingia ndani. Anti Jacqueline akiuliza barua imetoka wapi, mwambie ni mambo ya maombi, na hutakuwa umedanganya sana, kwa sababu nimeiandika huku nikiomba. Usimsomee mtu. Usiifiche ndani ya Biblia, maana nyumbani kwenu Biblia husomwa. Ukimaliza ichome, majivu uyamwage kwenye migomba. Meneja wetu, Bwana Khaemba, ni mtu mwema na mchapakazi (naandika hivi endapo barua itamfikia yeye kwanza), lakini akijua kwamba karani wake amemwandikia Mwenyekiti bila kupitia kwake, nitakuwa nikipanda kabichi hapo kwako wiki ijayo, mimi na diploma yangu.

Nisamehe pia kwa karatasi isiyo na nembo. Ni saa ya chakula cha mchana na nimeketi juu ya gunia la mbolea katikati ya mashine za kukatia nyasi. Hakuna anayeingia humu saa hizi kwa sababu ya harufu.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa baada ya chakula utaletewa faili lenye barua za kuwafuta kazi akina mama wote wanaong'oa magugu, yaani Mama Tryphena na wenzake wa Kaloleni na Mraru. Barua hizo nimeagizwa kuziandika mimi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wameshindwa kumaliza mchunga kwenye grini, yale maeneo laini yanayozunguka mashimo, ambako hairuhusiwi jani lolote lisimame wima kuliko lingine. Zinangoja sahihi yako tu. Wenyewe hawajui. Kila asubuhi wananisalimia, Mama Tryphena ananiita "mwanangu karani" na kuniuliza kama nimekunywa chai, na mimi nakosa mahali pa kuweka macho.

Nimesoma kanuni za kazi za klabu mwanzo hadi mwisho nikitafuta njia. Kanuni zinasema kwamba kabla mtu hajafutwa kazi, ni lazima ibainishwe ni nani hasa aliyezembea. Nimebainisha. Aliyezembea si akina mama, ni nyasi. Kwa hiyo naleta mbele yako, kwa heshima zote, malalamiko rasmi dhidi ya nyasi za klabu hii, nikiomba nyasi zifutwe kazi, akina mama wabaki.

1. Ulevi kazini. Nyasi zetu hunywa alfajiri na hunywa tena jioni. Lori la maji likichelewa kidogo zinabadilika rangi, na wanachama wa Mombasa wanaanza kupiga simu kuuliza zimeamkaje. Mimi naishi Kaloleni, ambako bomba la ploti yetu nalijua kwa sura tu. Maji nanunua kwa mkokoteni. Mtungi mmoja naugawa kwa kunywa, kupika na kuosha uso na miguu. Sehemu nyingine za mwili zinangoja Jumapili. Hata hivyo sijawahi kuja kazini nimenyauka nikajilaza chini mbele ya wageni. Nyasi hufanya hivyo kila Januari, na Meneja huvua kofia akisimama kando yake kwa huzuni.

2. Utoro kwa kisingizio cha ugonjwa. Nyasi za shimo la sita zilipotoka mabaka ya manjano, mtaalamu aliletwa kutoka Nairobi kwa treni, na mkoba kama wa daktari. Alipiga magoti, akazigusa, akazinusa, akasema zimechoka. Zikazungushiwa kamba na kuwekewa kibao: "Tafadhali usikanyage, zinapumzika." Mimi nilipopata malaria nilipewa Panadol na kuombwa nimalizie kumbukumbu za kikao. Na Mama Nthenya, mmoja wa hao wang'oaji, alipoumwa mgongo kwa kuziinamia nyasi hizo hizo, aliulizwa kama mgongo ulimwuma ndani ya saa za kazi au nje. Hakuwekewa kamba wala kibao.

3. Kukaribisha wageni bila idhini. Kila kiangazi ndovu hutoka mbugani, huvuka reli na kuja hapa moja kwa moja, kwa sababu kwingine kote pamekauka na kuwa rangi ya biskuti. Nani aliyewaita? Akina mama hawana mazoea nao. Juzi ndovu hao waliacha nyayo kwenye grini ya nane, na mwanachama mmoja ambaye mpira wake uliingia ndani ya unyayo alidai ahesabiwe kwamba amefunga. Kitabu cha wageni hukaguliwa na mimi, Mjomba, na nathibitisha kwamba hakuna ndovu hata mmoja aliyetia sahihi.

4. Nimelifuta. Lilimhusu Meneja.

5. Kushindwa kazi yenyewe. Hili ndilo kubwa, nakuomba ulisome polepole. Mtaalamu alipokuwa akiondoka alituambia, mbele yangu na mbele ya Meneja, kwamba nyasi zenye afya hujaza ardhi zikabanana, na gugu likija halipati pa kukanyaga. Hiyo ndiyo kazi ziliyoajiriwa kuifanya: kulinda mahali pake. Sasa mchunga umeingia, umeketi, umezaa. Lango lilikuwa mikononi mwa nani? Mlinzi akilala mwizi akaingia, hatumwandikii barua mama anayefagia ua. Lakini hapa ndivyo tunavyotaka kufanya, tena kwa sahihi yako.

6. Kuhusu akina mama wenyewe, nieleze yalivyotokea ili usidhani nawapendelea. Siku ya mashindano, mgeni mmoja kutoka Mombasa alikuwa amesimama hatua chache kutoka shimoni. Akagusa mpira, mpira ukapita pembeni. Akatazama fimbo yake, akatazama viatu, akatazama mbingu, mwishowe akaona jani la mchunga. Kesho yake Meneja akawakusanya akina mama.

"Mchunga wote utoke kwenye grini," akasema. "Mnaujua mchunga?"

"Weh!" akasema Mama Tryphena, akawageukia wenzake. "Jameni, tunaulizwa kama tunaujua mchunga!"

Walicheka mpaka Mama Nthenya akashika mgongo. Meneja naye akacheka kidogo, akaondoka ameridhika kwamba kazi imepata wenyewe.

Nao wakautoa, Mjomba, jinsi mboga hiyo inavyochumwa kwetu tangu nyanya zetu wakiwa wasichana: kwa vidole viwili, unakwanyua majani, shina na mzizi unaviacha vichipue. Ndago waliing'oa na mizizi yake yote, na mbigili pia, wala hutaziona tena. Lakini mchunga nani ameng'oa mzizi? Mama yangu husimulia kwamba ulipokuwa mdogo uling'oa mzizi ukadhani unasaidia, na Nyanya akakukimbiza na mwiko hadi kwa jirani. Sasa Bwana Khaemba amelelewa kwao magharibi, ambako wana mboga zao na adabu zake. Hakufikiria kuwaambia wang'oe mzizi, nao hawakufikiria kwamba kuna mtu mzima angetaka jambo kama hilo.

Kwa hiyo Jumatatu grini zinakuwa safi, na kufikia Alhamisi kila shina lililokwanyuliwa limetoa vichipukizi vingi kuliko vya kwanza. Meneja anaona majani yameongezeka, anawaambia waongeze bidii. Wanaongeza. Wiki iliyopita alisimama dirishani kwangu akawatazama kwa muda mrefu.

"Karani," akasema, "hawa wanapalilia au wanalima?"

Nilicheka kile kicheko kidogo ambacho mtu hawezi kukinukuu kwenye kikao.

Nilipomuuliza Mama Tryphena kwa faragha kwa nini wasing'oe mzizi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ng'ombe hachinjwi akishakamwa.

7. Sifa za mchunga. Haki inataka nitaje na mwenendo wa upande wa pili. Mchunga ulikuja bila kuandika ombi na bila barua ya mtu mkubwa wa kuusukuma (nami nakushukuru tena, Mjomba, kwa ile uliyoniandikia). Haukuagiza lori wala mtaalamu. Hukanyagwa na wanachama, hukanyagwa na ndovu, na asubuhi umesimama kazini. Katika kiangazi kilichopita, nilipopita kukagua, ndio mfanyakazi pekee wa grini ya saba aliyekuwa kijani.

Tena unatulisha. Hapa naomba uketi kama umesimama. Mchunga unaokwanyuliwa kwenye grini hupita mlango wa nyuma wa jikoni, ambako mpishi wetu Ajwang' huuchemsha, huukamua uchungu, huuunga kwa tui na kuupeleka mezani Ijumaa pamoja na ugali. Wanachama wale wale wanaoandika malalamiko kuhusu mchunga asubuhi huomba nyongeza yake mchana. Wewe mwenyewe Ijumaa iliyopita ulirudisha sahani ijazwe tena, ukasema kwa sauti kwamba mchunga wa namna hii haupatikani hata Wusi. Ni kweli haupatikani. Ni wa grini ya saba, unapata mbolea ya kutoka ng'ambo. Nasikitika kwamba umelisikia kutoka kwangu.

8. Dawa. Akina mama wakiondoka, mpango ni kwamba mtaalamu arudi apige dawa ya kuua magugu. Kibati chake kimeshaletwa, kiko hapa karibu na goti langu ninapoandika, na kina picha ya fuvu ambalo linanitazama. Nimesoma maelezo yote. Hayasemi kitu kuhusu tui. Ajwang' hajaambiwa, kwa sababu rasmi yeye hanunui mboga uwanjani. Na majirani wa Kaloleni wanaopenya kwenye ua jioni kuchuma hawajaambiwa, kwa sababu rasmi hawapenyi. Menyu ya Ijumaa naichapa mimi na haijabadilika. Kwa lugha ya kiofisi, tuna hatari ya kupunguza magugu na wanachama kwa bajeti moja.

Kwa kuzingatia hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, usizitie sahihi barua za akina mama. Badala yake utie sahihi barua moja tu, niliyokwisha kuiandaa, ya kuzifuta kazi nyasi za grini zote kwa ulevi, utoro, kukaribisha ndovu na kulala lindoni. Kwa kuwa nyasi hazisomi, barua isomwe kwa sauti kwenye kila shimo, Meneja akiwa shahidi, na zipewe nafasi ya kujitetea. Zikinyamaza, ihesabiwe zimekubali.

Pili, mchunga ufutwe kwenye orodha ya magugu na uajiriwe kwa masharti ya kudumu, bila muda wa majaribio, kwa sababu majaribio umeshayapita mbele ya macho yetu. Mwanachama ambaye mpira wake utapotea ndani ya mboga aruhusiwe kuchuma akiutafuta. Na wale watakaolalamika kwamba mpira hauviringiki vizuri juu ya mchunga wakumbushwe, kwa upole, jinsi ulivyokuwa ukiviringika juu ya nyasi.

Tatu, kama kamati itaona ni vyema, maji yaliyokuwa ya nyasi yaelekezwe kwenye bomba la ploti yetu Kaloleni. Hili si la lazima. Nimelitaja tu.

Naamini umeona kwamba sijamlaumu mtu yeyote anayeweza kunifuta kazi. Wasalimie Anti Jacqueline, Nyanya, wanakwaya wote wa sauti ya tatu, jirani yule mwenye ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe mwenyewe kama amepona. Mama anasema utume ndizi.

Wako mtiifu katika kazi na katika ukoo,
Mpwa wako (jina unalijua, na liishie hapo kwako).

Nyongeza: Mjomba, tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu.

Nilikuwa nimeshaikunja barua. Nikaona si vibaya nimpe Mama Tryphena habari njema, kwa siri, nyuma ya tangi la maji. Nilimweleza kwamba kuna barua za kuwafuta kazi. Alikaa chini. Nikamwambia asiogope, nimemwandikia Mwenyekiti. Akanishika mkono, akaniombea kwa Kidawida, akataka kujua nimeandika nini. Nikamweleza, nami nakiri nilikuwa najisikia vizuri.

Mkono wangu akauachia.

"Umeandika mchunga si gugu?"

"Ndiyo, mama. Uajiriwe."

"Na ukishaajiriwa, sisi tutang'oa nini?"

Niligeuza karatasi kuona kama jibu nilikuwa nimeliandika mahali.

"Mwanangu karani, umesoma mpaka umepitiliza. Ndago imekwisha. Mbigili imekwisha. Kilichobaki cha kutuita hapa asubuhi ni mchunga peke yake, na wewe unautoa kwenye magugu! Unafikiri huo mzizi tunauacha kwa ajili ya mboga tu? Andika ni gugu. Andika ni gugu baya sana, linatisha."

"Sawa, mama. Na nyasi?"

"Nyasi ziache na maji yao. Huo mchunga unakunywa wapi, kwani? Kule kwangu Mraru umekauka wote. Zikifukuzwa nyasi, lori halitakuja, na hapa tutabaki mimi na wewe na vumbi."

Nimefikiria njia nzima kurudi hapa, na sioni mahali alipokosea. Ningeandika barua upya lakini saa ya chakula imekwisha na karatasi pia. Kwa hiyo soma hivi: nyasi hazina kosa lolote, ni wafanyakazi wa mfano, na ziendelee kunywa. Mchunga ni adui mkubwa wa klabu, haumaliziki, na gugu la namna hii halitaki dawa, linataka vidole vya watu waliolizoea tangu utoto, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Barua za kuwafuta kazi usizitie sahihi. Nitachapa nyingine za kuwaajiri kwa kudumu na kuzipenyeza kwenye faili lile lile, nawe utie sahihi bila kusoma, kama mafaili mengine. Ijumaa kula kama kawaida. Lakini Ijumaa yoyote ya baadaye ukiona sahani yako ina kabichi, ujue nimeshindwa na dawa imepigwa, na usiulizie mchunga.

Kunipata fanya hivi. Usipige simu ya ofisini, huwa anaipokea Meneja. Usipige yangu, mlio wake anaujua. Usimtume mtu wa lango, anapenda kueleza. Alhamisi utakapokuja kucheza, ukifika shimo la tatu, piga mpira uingie vichakani upande wa kulia. Kwa kuwa mpira wako huenda huko kila wiki, hakuna atakayeshuku. Nitakuja na fimbo kukusaidia kuutafuta. Tuiname wote, uniambie hapo hapo kama utawaokoa au la. Nikikohoa, Meneja yuko karibu, zungumzia mvua. Na ukiuona mpira kabla hatujamaliza, tafadhali Mjomba, ukanyage, uendelee kutafuta.